Vinasaba na Kugawanywa kwa Jenasi Coprinus
Tangu Elias Fries wa Uswidi aanze kuchapisha Systema Mycologicum mwaka 1821, uyoga uliainishwa hasa kwa umbo na rangi ya spora. Kwa kigezo hicho, uyoga ambao kofia yake huyeyuka na kuwa majimaji meusi kama wino ulikusanywa katika jenasi Coprinus. Katika miaka ya 1990, ulinganishaji wa DNA ulibainisha kuwa Coprinus comatus ni jamaa wa Agaricus, uyoga wa mezani, ilhali spishi nyingi nyingine ni za ukoo tofauti. Mwaka 2001, Redhead na wenzake walizihamishia Coprinellus, Coprinopsis na Parasola. Jina Coprinus lilibaki kwa C. comatus, iliyo spishi kielelezo, pamoja na jamaa zake wachache. Kwa hiyo, sifa ya kuyeyuka ilizuka zaidi ya mara moja. Kufanana kwa umbo hakuthibitishi nasaba moja.