Kifungu cha 66 na Fungu Lisilotengwa

Kabla Bunge halijatunga sheria yoyote juu ya kipigo cha nyumbani, mwanamke wa Kariakoo, Dar es Salaam, aliyepigwa na mumewe alikuwa na mahali pa kukimbilia. Alirudi kwa wazazi, alikwenda kwa somo aliyemfunda, au aliita wazee wa pande mbili. Shauri likishindikana, lilifika kwa liwali. Njia zote hizo zilitafuta suluhu, na suluhu kwa kawaida ilimaanisha mke kurudi kwa mumewe. Mji ulimpa wasikilizaji, haukumpa mlango wa kutokea.

Upande wa pili wa viwanja vya Mnazi Mmoja, ambavyo Waingereza waliviacha wazi kutenga Uhindini na makazi ya Waafrika, katika Mchafukoge na mitaa ya jirani, ufadhili ulijulikana kwa majengo. Sewa Haji Paroo alitoa fedha za hospitali mwishoni mwa karne ya 19, na jina lake lingali kwenye wodi ya Muhimbili. George Arnautoglu, tajiri wa mkonge, aliacha jumba la jamii kando ya Mnazi Mmoja. Familia ya Karimjee ilitoa ukumbi ambao ulitumiwa na Baraza la Kutunga Sheria na, baada ya uhuru, na Bunge. Hivyo sheria ya kwanza ya nchi iliyokataza waziwazi kumpiga mwenzi ilijadiliwa ndani ya zawadi ya mfanyabiashara.

Sheria hiyo ilianzia kwenye Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969, uliopendekeza sheria moja ya ndoa kwa dini zote na mila zote. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioundwa 1962 na Bibi Titi Mohamed akiwa mwenyekiti wake wa kwanza, ulikuwa umekwisha kuyapa masuala ya wanawake sauti ndani ya chama tawala. Mjadala ulikuwa mkali, hasa juu ya ndoa za wake wengi. Sheria ya Ndoa ilipitishwa 1971 na kuanza kutumika Mei 1 mwaka huo. Kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba, mila isemavyo vyovyote, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Tamko hilo lilitangulia mengi ya aina yake barani Afrika, na linastahili heshima. Lakini kifungu hakikutaja adhabu, wala hakikuanzisha ofisi, wala hakikutengewa fungu. Aliyejeruhiwa alibaki kutegemea makosa ya kushambulia na kudhuru mwili yaliyomo katika Kanuni ya Adhabu, akianzia polisi kuchukua PF3, fomu ya kwenda kutibiwa. Aliyetaka talaka alitakiwa kwanza kupita baraza la usuluhishi la ndoa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Suluhu ya wazee ikawa imeingizwa ndani ya sheria mpya.

Kikwazo kingine kilikuwa mali. Mke asiye na hati wala mshahara aliogopa kuondoka mikono mitupu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata nyongeza, ila waliomfuata walipata msingi wa kudai.

Pengo la utekelezaji lilijazwa na vyama vya hiari. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilianzishwa 1987. Wanasheria wanawake wakafuata na TAWLA, kisha Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC. Walipokea walalamikaji, waliandika madai yao, walisema magazetini yale yaliyofichwa na familia. Kampeni yao ilizaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalum) ya 1998. Kima cha chini cha adhabu ya ubakaji kilipanda hadi miaka 30, lakini mume aliyemlazimisha mkewe hakuguswa ila pale walipokuwa wametengana. Mwanamke aliyebaki nyumbani ndiye aliyeachwa nje.

Sehemu kubwa ya fedha za kazi hiyo ilitoka kwa wafadhili wa nje. Bajeti ya serikali haikuibeba, na hapo ndipo Bunge lilipoanza kushughulika na vyama vyenyewe. Onyo lilikuwa limetangulia: Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lilisimamishwa 1996 na kufutiwa usajili mwaka uliofuata, na Mahakama Kuu ilikuja kulipatia haki baada ya zaidi ya miaka kumi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 iliweka utaratibu wa usajili na kufanya kuendesha shirika bila usajili kuwa kosa la jinai. Kanuni za 2018 zilitaka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe hadharani na mikataba yake iwasilishwe serikalini. Marekebisho ya 2019 yalizilazimisha asasi zilizosajiliwa kama kampuni kuhamia chini ya sheria hiyo.

Uwazi wa fedha ni haki ya umma. Tatizo ni uwiano: dola ilikagua fedha ambazo yenyewe haikuzitoa. Kodi inaonyesha hivyo hivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inautambua uhisani wa kupunguza umaskini au dhiki, kuendeleza elimu, na kutoa huduma kama afya, maji na barabara. Kutetea haki za mke aliyepigwa hakumo kwa jina. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, lakini posho na nauli zao ziliendelea kutegemea miradi.

Katika masoko ya Ilala, likiwemo Mchikichini jirani na Kariakoo, asasi ya Equality for Growth iliendesha kampeni ya "Mpe Riziki Si Matusi" kwa fedha za mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ukatili dhidi ya wanawake. Wafanyabiashara wenyewe walifunzwa usaidizi wa kisheria, na masoko yakajiwekea miongozo yenye faini. Polisi nao walikuwa wamefungua Madawati ya Jinsia na Watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wanawake 40 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Ule wa 2022 ulikuta 27.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na asasi nyingi za Afrika Mashariki zikalazimika kupunguza kazi. Tanzania Bara ilikuwa bado haijatunga sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Kifungu cha 66 kimebaki jinsi kilivyopitishwa Karimjee, bila adhabu.