Misuli Kucheza na Mishipa Kudunda kwa Vijana: Sababu Zake na Hukumu Zake

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Tunaulizwa mara kwa mara, na wazazi na vijana wenyewe, juu ya msuli unaocheza wenyewe: kope la jicho, shavu la mguu, paja au kidole gumba. Wengine huhisi kitu kinadunda ndani ya mkono au mguu wanapolala. Familia moja huona ni bishara, nyengine husema ni jini, na nyengine humgombeza mtoto kwa kuangusha vikombe. Tumeona tuyaweke pamoja yanayohusu tiba na yanayohusu sheria.

Ni kitu gani?

Msuli hupokea amri kupitia mshipa wa fahamu. Mara nyengine mshipa huo hutoa ishara bila ya kuamrishwa, na fungu dogo la nyuzi za msuli hukaza na kulegea. Ngozi huonekana ikirukaruka, lakini aghalabu hakuna maumivu wala udhaifu. Hali hii huwapata watu wengi wenye afya na mara nyingi huondoka yenyewe.

Huchochewa na uchovu, mazoezi makali, kukesha, wasiwasi (khasa wakati wa mitihani), na kafeini iliyomo katika kahawa, chai nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kopo la mililita 250 la vinywaji hivyo kwa kawaida lina karibu miligramu 80 za kafeini, na wako vijana wanaokunywa matatu kwa usiku mmoja ili wasome. Kuharisha na kutapika sana nako hupunguza chumvi na madini ambayo misuli inayahitaji.

Ama kudunda, mara nyingi ni mapigo ya moyo yenyewe. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono: ikiwa mdundo unakwenda sambamba na mapigo hayo, basi ni damu inapita kwenye mshipa. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na katika ukimya wa usiku mtu huyahisi zaidi. Kugutuka mara moja unapoanza kuchukuliwa na usingizi pia ni jambo la kawaida.

Si bishara

Kwetu visiwani jicho likicheza watu husema kuna mgeni au kuna kilio. Jambo hili ni la kale. Haji Khalifa, aliyefariki mwaka 1657, ameitaja katika Kashf al-Dhunun elimu ya ikhtilaji, yaani kubashiri kwa kucheza kwa viungo, na humo imeelezwa kuwa haitegemewi kwa udhaifu wa dalili zake. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuamini nuksi. Tunaamini kuwa majini wapo, lakini msuli kucheza peke yake si ushahidi wa jini, wala si ruhusa ya kumtuhumu jirani uchawi.

Wakati wa kwenda hospitali

Mama mmoja alitueleza kuwa binti yake wa skuli alikuwa akirusha kikombe cha chai kila asubuhi. Alipigwa kwa uzembe, kisha akapelekwa kwa mganga. Miezi ikapita, hata siku moja akaanguka na kupoteza fahamu. Daktari akasema ni kifafa cha ujanani. Aina hii mara nyingi huanza kati ya miaka 12 na 18: mikono hushtuka kwa nguvu muda mfupi baada ya kuamka, na kukosa usingizi huzidisha. Wengi hutulia vizuri kwa dawa. Lau wazee wake wangelijua, wasingelisubiri mpaka aanguke.

Basi mpelekeni kijana hospitali mkiona mojawapo ya haya:

- Mikono inashtuka asubuhi na kuangusha vitu, au anapotewa na fahamu.
- Mtoto anachezesha mikono na uso bila kutaka, na mwandiko wake umeharibika. Hali hii huweza kuja wiki au miezi baada ya maradhi ya koo, na huweza kuambatana na madhara ya moyo.
- Kiungo kinapoteza nguvu au kinakonda, au kusema na kumeza kunakuwa kuzito.
- Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio na mwili unapungua.

Hukumu zake

1. Msuli kucheza au mshipa kudunda hakuvunji udhu. Anayehisi mpapatiko karibu na makalio asikate sala kwa shaka, Mtume (S.A.W.) ametufundisha tusitoke mpaka tuwe na yakini.

2. Harakati zisizo za hiari hazibatilishi sala. Mikono ikimtetemeka, aendelee.

3. Aliyepotewa na fahamu udhu wake umevunjika. Akizindukana atatawadha, na kuoga ni sunna.

4. Mwenye kifafa ambaye daktari muaminifu amemwambia kuwa kufunga au kubadilisha saa za dawa kutamdhuru, ana ruhusa ya kula. Atalipa akiweza; na ikiwa maradhi hayatarajiwi kupona, atatoa fidia. Asiache dawa kwa kuona haya.

5. Kusomewa ruqya ya Qur'ani na dua zilizothibiti ni jambo jema maadamu hamna shirki. Mtume (S.A.W.) pia ametuamrisha kujitibu. Kwa hiyo dua na dawa huenda pamoja, na kisomo kisicheleweshe hospitali.

Nasaha yetu

Kijana ambaye hana dalili za hatari alale mapema, apunguze kafeini, anywe maji na aweke simu mbali usiku. Akipita wiki kadhaa bila ya nafuu, aonwe na daktari. Mwenye kifafa asiogelee wala kwenda kuvua peke yake. Na nyinyi wazazi, mtoto akiangusha kikombe, muulizeni kwanza mkono wake umefanya nini kabla ya kunyanyua wenu.

Tunamuomba Allah awape wagonjwa wetu shifaa. Wallahu aalam.