Ndoa na Usawa: Mitala katika Sheria za Afrika Mashariki, 1917–2014

Mwezi Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ilihalalisha ndoa za jinsia moja katika majimbo yote. Jaji Mkuu John Roberts, aliyekuwa upande wa majaji wachache, aliuliza ni hoja gani itakayobaki ya kuwanyima haki hiyohiyo watu watatu au zaidi wanaotaka kuoana. Huko swali hilo bado linabishaniwa. Kwetu sisi lina ugeni wa namna yake, kwa kuwa sheria zetu zilipita njia ya kinyume: zinaitambua ndoa ya mume mmoja na wake wengi, na papo hapo zinaifasili ndoa kuwa ni ya mwanamume na mwanamke. Tunayo basi historia inayofaa kusomwa kabla ya kujibu.

Dai la mhadhara huu ni kwamba neno usawa, linapotajwa pamoja na ndoa, limebeba maana mbili. Upo usawa baina ya aina za ndoa mbele ya sheria, na upo usawa wa watu waliomo ndani ya ndoa moja. Mmoja waweza kupatikana bila mwenzake.

Kipimo cha kikoloni kilitoka London. Katika kesi ya Hyde ya mwaka 1866 mahakama ya Uingereza ilitamka kwamba ndoa, kama inavyoeleweka katika nchi za Kikristo, ni muungano wa hiari wa maisha baina ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, pasipo mwingine yeyote. Mdai, aliyekuwa Mormoni zamani, alikuwa amefunga ndoa Utah, naye alikuwa na mke mmoja tu. Hata hivyo alinyimwa nafuu ya talaka kwa sababu desturi iliyomwozesha iliruhusu wake wengi. Kosa, kwa maneno mengine, halikuwa tendo lake bali uwezekano wa tendo.

Kipimo hicho kilimfikia Amkeyo mwaka 1917, katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Alishtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi, na ushahidi ulitolewa na mwanamke aliyemwoa kwa mila. Sheria ya ushahidi iliyotoka India ilizilinda siri za mume na mke. Jaji Mkuu Hamilton aliamua kwamba kinga hiyo haikumhusu mwanamke huyo: mila iliyomwozesha, kwa maoni yake, ilikaribia zaidi ununuzi wa mke kuliko ndoa. Tazama uzito ulivyomwangukia. Nyumbani alikuwa mke. Kizimbani akawa shahidi kama wengine. Ni hapa ninapoona hoja iliyo bora ya kuitambua mitala. Sheria inapoikana ndoa hizo, mume hapungukiwi sana. Anayepoteza jina, matunzo na haki ni mke.

Tanzania Bara iliurekebisha upande huo kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyotanguliwa na Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969. (Zanzibar haimo katika sheria hiyo.) Wapenzi wa lugha wasome kifungu cha 9 na macho yao yote. Ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu kwa muda wa maisha yao. Ni maneno ya Hyde, isipokuwa yale ya mwisho, ya kumtenga mwingine yeyote, yameondolewa. Uhuru mara nyingine huonekana katika neno lililofutwa. Kifungu cha 57 kikaongeza kwamba wake wa mume mmoja wana haki, wajibu na hadhi sawa kisheria. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwaita wake wenza, jina linalowahesabu kuwa washirika. Lakini kitenzi chetu hakikuwa na ukarimu huo, maana mume huoa na mke huolewa.

Kenya ilifuata kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, iliyotaja mitala ndani ya fasili yenyewe ya ndoa. Katika mjadala wa mwezi Machi wabunge wanaume waliungana, bila kujali vyama vyao, wakakiondoa kifungu kilichompa mke aliyepo kauli juu ya mke anayekuja. Wabunge wanawake walitoka ukumbini. Usawa wa kwanza ulikamilika siku ileile wa pili ulipopunguzwa, ingawa Katiba ya 2010 inawaahidi wanandoa haki sawa tangu ndoa inapofungwa, inapodumu na inapovunjika.

Je, Tanzania, iliyoiacha kauli hiyo, ilifanya vyema zaidi? Kwa sehemu. Aliyeolewa katika ndoa ya mke mmoja hawezi kuwekewa mwenza mpaka yeye na mumewe watamke, kila mmoja kwa hiari yake, kwamba ndoa yao igeuzwe; na ndoa ya kanisani haigeuzwi maadamu wote wawili wangali Wakristo. Huyu ana ridhaa. Aliyeolewa Kiislamu au kimila ana pingamizi tu: kifungu cha 20 kinamruhusu kumweleza msajili kwamba uwezo wa mume ni mdogo na kwamba yeye na watoto watataabika, au kwamba anayekuja ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Ridhaa na pingamizi si kitu kimoja. Mwenye ridhaa husubiriwa; mwenye pingamizi sharti aende mbio, na athibitishe.

Pingamizi hutegemea taarifa ya kusudio la ndoa, inayopaswa kutolewa siku 21 kabla. Kifungu cha 41 kinasema ndoa ni halali hata kama taarifa hiyo haikutolewa, na hata kama pingamizi lililowekwa lilikuwa bado halijaamuliwa.