Toka Bisibisi Hadi Programu



Mhariri ameniomba niandike habari za kompyuta katika kanda yetu, kwa kuwa ndiyo kazi niifanyayo Serikalini. Nimekubali, ingawa sehemu ya habari hizo ni deni langu mwenyewe.

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilipovurugika, lawama ikaangukia mashine, na mwaka 1974 ikatoka amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Amri hiyo ilikuja kulegezwa kidogo kidogo. Kwa maoni yangu mashine ilionewa. Waliokosekana ni Watanzania wa kutosha wenye ujuzi wa kuitungia maagizo, yaani programu.

Sisi vijana wa Shinyanga hatukuyajua hayo. Kwetu uhandisi ulikuwa chuma na grisi: Mwadui, alikogundua almasi Dk. Williamson mwaka 1940, na mgodi wa zamani wa Geita uliofungwa mwaka 1966. Nilipojiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nikachagua umeme. Mwaka 2004 wenzetu wa idara ya kompyuta pale pale chuoni walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Niliitazama dakika tano, nikarudi kwenye nyaya zangu.

Wakati huo dhahabu ilikuwa imefufuka. Mgodi mpya wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Mwaka 2006 niliajiriwa na mkandarasi mmoja wa ukanda ule kuangalia mizani ya magari ya mawe. Karani wa mizani alikuwa kijana wa shule yetu, nyuma yangu kwa miaka mitatu. Kila gari lilipopanda alisoma uzito kwenye kioo na kuuandika daftarini, huku kompyuta ikijumlisha yenyewe.

Daftari likaanza kuzidi kompyuta, kwa tani 30 hivi kila zamu. Wenye magari walilipwa kwa tani, basi ikasemwa karani anawaongezea. Nikaitwa nipime. Nilifungua kila bodi, nikapandisha mawe ya uzito unaojulikana, nikaandika: "Mizani ni nzima." Nikatia sahihi. Kijana akafukuzwa kazi jioni ile.

Jambo hilo lilinikera, maana nilimfahamu. Nikaona kwamba nimepima kila kitu isipokuwa kile nisichoweza kukigusa kwa bisibisi. Nikatafuta kitabu cha lugha ya C cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1978, nikanunua kompyuta kuukuu, nikaanza kujisomea usiku chumbani kwangu Kahama. Umeme ulipokatika niliandika programu kwenye daftari la mistari na kuifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, nikijifanya mimi ndiye mashine. (Hata leo nawashauri vijana ofisini wafanye hivyo, wanacheka.) Mke wangu alivumilia mengi.

Katika sura ya pili nikakuta kwamba namba yenye desimali ikiwekwa mahali pa namba kamili, desimali hukatwa bila onyo. Tani 31.7 zinakuwa 31. Nilikaa kimya muda mrefu. Magari 60 kwa zamu, kila moja likipoteza kama nusu tani: ndizo zile tani 30.

Nilikuwa na nakala ya ukurasa mmoja wa daftari lake. Nikatunga programu ya mistari michache, nikaingiza namba zake, ikatoa jumla ile ile ya kompyuta ya mizani. Niliipeleka kwa wakubwa wangu. Wakasema shauri hilo limekwisha. Mwaka 2011 nikaacha kazi, nikaingia Serikalini kama mtunga programu wa ngazi ya chini, kwa mshahara pungufu, katikati ya vijana waliotoka chuoni juzi.

Kabla ya kuhama nilimtafuta yule ndugu. Nilimkuta stendi ya Kahama akipakia mizigo ya mabasi. Nikampa karatasi, nikamweleza. Aliipitia mara mbili, kisha akaniuliza kama ninaweza kumpatia nakala nyingine, ampelekee baba yake Tinde.