Draiva za kurekodi sauti katika Linux: Kwa nini maikrofoni nzima huwa bubu

WATUMIAJI wa kompyuta wanaohamia mfumo endeshi huria wa Linux wakati mwingine hukutana na jambo la kushangaza: muziki unasikika vizuri kwenye spika, lakini maikrofoni ya kompyuta hiyo hiyo hainasi sauti yoyote.

Wengi hudhani kuwa kifaa kimeharibika. Kumbe kifaa kinaweza kuwa kizima, ila kinakosa draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa. Wakati mwingine draiva ipo, lakini haina taarifa sahihi za jinsi maikrofoni ilivyounganishwa ndani ya kompyuta.

Uundaji wa draiva za kurekodi sauti ni kazi yenye ugumu wake wa kiufundi. Hata hivyo, historia ya kazi hiyo inaonyesha kuwa wataalamu wamekuwa wakiumudu ugumu huo kila walipopewa maelezo ya kifaa. Pale maelezo yalipofichwa, mtumiaji ndiye aliyeumia.

Chimbuko lake

Kiini cha Linux kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Mwaka 1992, raia mwenzake wa nchi hiyo, Hannu Savolainen, alianzisha mfumo wa draiva za sauti ambao baadaye ulijulikana kwa jina la OSS.

OSS ndiyo iliyotumika katika Linux kwa miaka mingi. Pamoja na sifa zake, ilikuwa na upungufu: kwa kadi nyingi za sauti, programu moja ikishafungua kifaa, nyingine ilibidi isubiri. Aidha, toleo lililoendelezwa kibiashara na kampuni ya 4Front Technologies halikuwa huria hadi mwaka 2007.

Mwaka 1998, Jaroslav Kysela wa Jamhuri ya Czech alianzisha mradi wa ALSA, akianzia kwenye draiva ya kadi ya Gravis Ultrasound. ALSA iliingizwa katika matoleo ya majaribio ya kiini cha Linux mwaka 2002, na toleo la 2.6 lilipotoka Desemba 2003, ikachukua nafasi ya OSS kama mfumo mkuu wa sauti.

Sauti inavyonaswa

Maikrofoni ya kawaida hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme. Chipu ya sauti huupima umeme huo mara nyingi kwa sekunde, kwa mfano mara 48,000, na kila kipimo huandikwa kama namba. Kila namba ikichukua baiti mbili, na kukiwa na njia mbili za sauti, kulia na kushoto, jumla ni baiti 192,000 kwa kila sekunde.

Namba hizo huhamishwa na sehemu maalumu ya maunzi moja kwa moja hadi kwenye bafa, yaani eneo la muda katika kumbukumbu ya kompyuta, bila kuisumbua prosesa kuu. Bafa hiyo ni ya mzunguko: ikifika mwisho, uandishi hurudi mwanzo.

Bafa hugawanywa katika vipande. Kila kipande kinapojaa, maunzi huipa prosesa ishara, na draiva huujulisha mfumo kuwa kuna sauti mpya ya kuchukuliwa. Kwa mfano, kipande cha vipimo 1,024 hujaa kila baada ya takriban milisekunde 21.

Hivyo basi, mwandishi wa draiva ya kurekodi ana majukumu machache lakini mazito: kutangaza kasi na muundo wa namba ambao kifaa kinaumudu, kuandaa bafa, kuanzisha na kusimamisha unasaji, na kueleza kwa usahihi uandishi umefika wapi ndani ya bafa wakati wowote anapoulizwa. Akikosea hilo la mwisho, programu itasoma sauti ya zamani au sehemu ambayo bado haijaandikwa, na msikilizaji atasikia mikwaruzo.

Kilichopotea hakirudi

Kucheza wimbo na kurekodi si kazi za aina moja. Wimbo tayari umehifadhiwa. Kompyuta ikichelewa, inaweza kuusoma tena. Maneno ya mtu anayezungumza hayasubiri. Programu ya kurekodi ikichelewa hadi bafa ikajaa, sauti inayofuata haina pa kukaa.

Katika hali hiyo, kwa kawaida ALSA husimamisha unasaji na kuiarifu programu kuwa kumetokea hitilafu. Bafa kubwa hupunguza hatari hiyo, lakini huongeza muda kati ya neno kutamkwa na kufika kwa msikilizaji. Kwa mahojiano yanayohifadhiwa ucheleweshaji huo si tatizo. Kwa mazungumzo ya simu au mwanamuziki anayejisikiliza huku akiimba, ni kero.

Tatizo la usiri

Ugumu wa kiufundi una dawa. Usiri una dawa chache zaidi. Mfano mzuri wa uwazi ni viwango vya vifaa vya sauti vya USB, vilivyochapishwa mwaka 1998. Kwa kuwa kanuni zake ziko wazi, draiva moja tu ya ALSA huendesha maikrofoni na mikusanyo ya sauti ya kampuni nyingi mbalimbali, mradi zimefuata kanuni hizo.

Kwa kompyuta za mapajani hali ni tofauti. Mwaka 2004 kampuni ya Intel ilitoa kiwango cha High Definition Audio, ambacho nacho kiko wazi. Lakini kila mtengenezaji huunganisha maikrofoni kwenye pini za chipu ya sauti anavyotaka, na taarifa zinazowekwa ndani ya kompyuta wakati mwingine huwa na makosa. Matokeo yake, kiini cha Linux kimebeba orodha ndefu ya marekebisho yanayohusu modeli moja moja.

Tatizo lilichukua sura mpya pale maikrofoni za kidijitali za kompyuta nyingi zilipoanza kuunganishwa kwenye prosesa ndogo ya sauti, ambayo inahitaji programu yake ya ndani. Mwaka 2018 ulitangazwa mradi wa Sound Open Firmware, unaotoa programu hiyo kwa msimbo huria. Hata hivyo, kompyuta nyingi za Intel zinazouzwa madukani hukubali tu nakala iliyotiwa saini ya kidijitali na kampuni hiyo. Mtumiaji anaweza kuusoma msimbo na kuurekebisha, lakini hawezi kuendesha marekebisho yake kwenye kompyuta aliyoinunua kwa fedha zake.

Hata simu za mkononi

Suala hili haliwahusu wapenzi wa Linux pekee. Simu za Android hutumia kiini cha Linux, na kwa kawaida sauti yake hupitia draiva za ALSA. Mtu anayetuma ujumbe wa sauti kutoka Kariakoo au Kisumu kwa simu ya aina hiyo anategemea kazi hiyo hiyo, ingawa haioni.

Mambo ya kuzingatia

Mtu anayekusudia kutumia Linux anashauriwa kuijaribu kompyuta kabla ya kuilipia, kwa kuiwasha kwa Linux iliyowekwa kwenye flashi. Amri ya arecord -l huonyesha vifaa vya kurekodi vilivyotambuliwa. Kifaa kikionekana lakini hakisikii, programu ya alsamixer hufunguliwa na kitufe cha F4 kubonyezwa, ili kuona kama maikrofoni imezimwa au imeshushwa mno.

Kifaa kisipoonekana kabisa, toleo jipya zaidi la kiini cha Linux linaweza kuwa tayari na draiva yake. Njia nyingine ni maikrofoni ya USB inayofuata kanuni zilizo wazi. Kila mnunuzi anayechagua kifaa cha namna hiyo humpa mtengenezaji sababu ya kuweka maelezo yake hadharani.