Vuli si ya kila mahali

Picha za chekechea za Ulaya huonyesha watoto wakiokota majani mekundu mwezi Oktoba, na wafasiri wetu hupenda kuyaita majira hayo “vuli”. Kwa Mtanzania, vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, za pwani ya kaskazini, kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Viktoria. Kabungu, mkoani Katavi, haina vuli. Mamlaka ya Hali ya Hewa huuhesabu mkoa huo kwenye mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Miombo ya huko hupukutisha majani kiangazi. Ule wekundu unaowahi mvua ni wa majani machanga, si wa yanayokauka.

Basi mwalimu wa darasa la awali pale asihangaike na vuli ya kwenye picha. Alete matunda ya mninga: bapa, ya duara, katikati miiba iliyosongamana, pembeni ubawa mkavu wa kupeperushwa na upepo. Watoto wayashike ukingoni, wayahesabu, wayapange kwa ukubwa, wayarushe waone yanakoangukia. Wakiuliza huu ni msimu gani, jibu ni kiangazi.