Maradhi ya Kila Siku na Kinga Yake: Kilosa na Mikumi

Maradhi ya kila siku, kwa maana inayokusudiwa katika makala hii, ni yale ambayo aila moja yaweza kuyapata mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, au kuishi nayo umri mzima: homa za namna mbalimbali, kuhara, kikohozi, minyoo, kichocho, shinikizo la damu na kisukari. Katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, pamoja na mji wa Mikumi ulio upande wa kusini wa wilaya hiyo, maradhi haya yana nasaba ya karibu na mito, mashamba, mifugo na njia kuu, na sehemu kubwa ya kinga yake imo mikononi mwa watu wa nyumbani kabla haijafika mikononi mwa tabibu. Kanuni ya kwanza ya kinga hiyo ni kujua asili ya kila maradhi, maana asiyejua adui aingiapo hufunga mlango usio wake.

Nchi na tabia yake

Mji wa Kilosa umekaa chini ya milima ya Rubeho na Ukaguru, kando ya mto Mkondoa, ambao maji yake huenda kuungana na mto Wami. Na mbele yake zimetandaa tambarare za Kimamba na Rudewa, zilizosifika zamani kwa mkonge. Upande wa kusini yapo mashamba ya miwa ya Ruembe na Kidodi, na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo imekatwa na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Rutuba ya nchi hii imeletwa na maji, na adha yake nyingi pia zimeletwa na maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, Mkondoa ulilishinda tuta lililojengwa kuuzuia, ukaingia mjini, ukaiharibu reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi; na mnamo Januari 2014 mafuriko yalizifikia Dumila na Magole. Gharika ya namna hiyo huchanganya maji ya visima na uchafu wa vyoo, na ikisha kupwa huacha madimbwi ambamo mbu hutaga.

Homa

Ada iliyoenea ni kuita kila homa malaria, na ada hiyo imewadhuru wengi. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, waliopelekwa kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara, mji ulio katika bonde la Kilombero jirani na Kilosa. Wakaona kwamba asilimia 62 walikuwa na maradhi ya njia ya hewa, ilhali wenye malaria hawakuzidi asilimia 11, na wengine walikuwa na maradhi ya tumbo, ya njia ya mkojo au homa ya matumbo. Ni dhahiri, basi, kwamba mzazi anunuaye dawa ya malaria dukani bila kipimo huenda akamwacha mtoto mwenye nimonia bila tiba, hali siku zinapita.

Malaria yenyewe, hata hivyo, haipasi kudharauliwa, kwani humuua upesi mtoto mchanga na kumdhoofisha sana mama mjamzito. Huenezwa na mbu jike wa jamii ya anofelesi, aumaye aghalabu kati ya machweo na mapambazuko, na ambaye hukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda wa wiki moja au mbili tu katika maji yaliyotuama. Kinga yake ni chandarua chenye dawa kinachotumiwa kila usiku, masika na kiangazi. Nyingine ni kufukia madimbwi yaliyo karibu na nyumba. Na, kwa mjamzito, ni kumeza kliniki vidonge vya kinga kwa taratibu anayopewa. Kipimo cha haraka kwa tone la damu ya kidole hutoa jibu kwa muda wa dakika 15 au 20, na kikithibitisha maradhi, dawa mseto humezwa kwa siku 3 kamili, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Mtoto aliyepatwa na degedege, asiyeweza kunyonya, atapikaye kila kitu au apumuaye kwa shida na mbavu zikibonyea, apelekwe kituo cha afya saa ile ile.

Kuhara na maradhi ya maji

Kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu hushuka katika njia moja: kinyesi cha mgonjwa hufika kinywani mwa mzima kwa maji, kwa mikono, kwa nzi au kwa chakula kisichofunikwa. Njia hiyo hukatwa na choo chenye mfuniko, sabuni baada ya kutoka msalani na kabla ya kula, na maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya maji, yakahifadhiwa katika chombo chenye kifuniko. Na hadhari hii huwa faradhi zaidi baada ya mafuriko, hata kama maji yaonekana safi machoni. Mwenye kuhara hufishwa na kukaukiwa maji mwilini, na kwa sababu hiyo kunywa ndiko kunakookoa maisha. Yafaa kumpa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na ikikosekana pakiti, lita 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa na mhudumu.

Kichocho, minyoo na usubi

Kichocho hukaa ndani ya konokono wa maji matamu, hutoka na kupenya ngozi ya mtu aogaye, avuaye au alimaye mpunga katika maji hayo, na alama yake mashuhuri ni damu katika mkojo. Minyoo ya safura huingia kwa nyayo zisizo na viatu na kunyonya damu polepole, hata mtoto akawa mzito wa kusoma na mama akakosa nguvu za kujifungua salama. Usubi, ambao Kilosa imehesabiwa miongoni mwa maeneo yake ya asili nchini, huletwa na inzi mdogo mweusi azaliwaye penye maji yaendayo kasi. Huwasha ngozi kwa muda mrefu na mwishowe waweza kupofusha. Dawa za maradhi haya hutolewa shuleni na vijijini kwa nyakati maalumu, na mtu asizikatae kwa hoja ya kwamba hajisikii mgonjwa, maana hukusudiwa kukata maambukizo kabla madhara hayajaonekana.

Maradhi yatokayo kwa wanyama

Wilaya hii ina wafugaji wengi, na katika sehemu za Mikumi watu huishi jirani na wanyamapori. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mara ya kwanza nchini Kenya mapema katika miaka ya 1930, iliwapata watu 309 katika mikoa 10 ya Tanzania, Morogoro ukiwamo, na 144 kati yao wakafariki. Mayai ya mbu wake huweza kulala ardhini miaka mingi yakingoja mvua kubwa, na ishara ya kwanza huwa ni mimba za ng'ombe, kondoo na mbuzi kutoka kwa wingi. Mfugaji aonapo hivyo, asiguse kizazi kilichotoka kwa mikono mitupu, asichinje mnyama mgonjwa, achemshe maziwa, na ampashe habari afisa mifugo. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa dakika 15, kisha aende upesi kupata chanjo, kwani kichaa cha mbwa kikisha kudhihiri hakina tiba.

Kikohozi na Ukimwi

Kikohozi kilichopita wiki 2, kikiandamana na kukonda na jasho la usiku, kipimwe kifua kikuu. Tiba yake hutolewa bure na aghalabu huchukua miezi 6, na katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mjini Morogoro, panya buku wamefunzwa kuunusa ugonjwa huo katika makohozi. Ukimwi, uliotambuliwa nchini mwaka 1983 mkoani Kagera, haujaisha, na miji ya njia kuu ambamo madereva hulala, kama Mikumi, yahitaji hadhari ya kudumu: kupima, kutumia kondomu, na kwa aliyeambukizwa, kumeza dawa kila siku bila kuruka.

Shinikizo la damu na kisukari

Maradhi haya huingia kimya. Shinikizo lililofika 140 kwa 90 katika vipimo vya siku mbalimbali lahitaji matibabu ya kudumu, na kuiacha dawa kwa kuwa mtu amejisikia nafuu ni mwanzo wa kiharusi. Kinga yake ni chumvi isiyozidi kijiko kidogo kwa siku, mboga na matunda, kazi ya mwili, kuepuka tumbaku na kiasi katika ulevi.

Hitimisho

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakutanisha watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza asili ya maradhi, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kwa mikono yao wenyewe. Vyombo vya leo, yaani vipimo, chanjo na dawa, ni bora kuliko vya wakati ule, lakini bila maarifa na bidii ya nyumbani havitoshi. Kila nyumba ya Kilosa na Mikumi, basi, na iwe na choo, sabuni, maji salama na chandarua, na kila homa ipimwe kabla ya kutibiwa.